Kikapu cha mama kilinitia aibu!

Usinicheke, mpenzi msomaji. Zamani mama akinituma sokoni na kikapu cha ukili, nilikuwa nakificha nyuma ya mlango. Kijana wa mjini na kikapu? Mabinti wa mtaani wangenionaje! Nikawa narudi na mifuko ya rambo, nyanya na wake, vitunguu na wake. Ikishakwisha kazi, naitupa mtaroni.

Siku moja mvua ikapiga usiku kucha. Maji yakakosa njia, yakaingia chumbani kwa bibi jirani yetu, yakalowesha godoro na unga wake wote. Asubuhi vijana tukazibua mtaro. Kilichotoka? Rambo tupu! Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, Mungu akubariki kwa msaada." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hapa Bongo mifuko ile ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, lakini chupa tupu za maji bado zinajaa mitaroni. Siku hizi natembea na kikapu cha mama na chupa yangu ya kujazia maji. Kupenda mazingira kumbe ni mambo madogo kama haya. Wanaocheka wacheke.

Bibi mpaka leo sijamwambia. Nimeanza na wewe.