Binti Yangu na Majani ya Kansas

Mei iliyopita nilisafiri hadi Kansas, katikati ya Marekani, kwa mahafali ya binti yetu. Mimi na baba yake tuliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili tumlipie tiketi ya kwenda kusoma. Chumba chake nyumbani kilikuwa kimekwisha kupakwa rangi.

Siku mbili baada ya mahafali akaniambia, "Mama, sitarudi nawe. Nimepata kazi ya mafunzo ya miezi mitatu. Nitatunza nyasi."

Sikumjibu. Ng'ombe wawili, halafu nyasi!

Siku iliyofuata alinipeleka nikajionee. Sehemu ile huitwa Flint Hills, yaani Vilima vya Gumegume. Ni nyasi na upepo mpaka macho yanapokoma. Tulitembelea Tallgrass Prairie National Preserve, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1996, yenye zaidi ya hekta 4,000. Nyati wenye nundu, waliorudishwa hapo mwaka 2009, walikuwa wakila pamoja na ndama wao wekundu.

Zamani nyasi ndefu kama hizo zilifunika eneo kubwa la Amerika Kaskazini. Wakulima wakazilima, wakapanda mahindi. Leo imebaki chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa iko katika vilima hivi, kwa kuwa plau zilishindwa na mawe.

Kazi ya binti yangu si ya ofisini. Asubuhi na mapema yeye na wenzake hutoka na misumeno kukata miti jamii ya mtarakwa. Nilishangaa. Kwetu tunahimizwa kupanda miti, naye amesomea kuikata! Alicheka, akanieleza kwamba miti ikiachwa huivamia mbuga, nyasi zikafa kivulini, na ndege wanaotaga chini wakakosa makao. Ndiyo sababu kila baada ya muda huchoma mbuga kwa mpango. Mahali palipoungua Aprili nilipakuta pakiwa na kijani kibichi kuliko kwingine.

Jioni tulikaa kibarazani nikimtafuta kupe shingoni na kwenye nywele, kama nilivyomtafuta chawa alipokuwa mdogo. Akasema, "Mama, mizizi ya nyasi hizi hushuka zaidi ya mita mbili. Moto hauifikii."

Nilimkumbuka Nabii Isaya, aliyemlinganisha mwanadamu na majani. Fungu hilo nimelisikia misibani, nikafikiri ni la unyonge tu. Usiku ule niliwaza juu ya mizizi. Tulichompandia mtoto huyu kiko chini, hata nisipokiona.

Nilirudi peke yangu. Baba yake alipouliza yuko wapi, nilijibu, "Yuko kazini."

Mama mwenzangu, huenda mwanao naye amechagua kazi ambayo unaona haya kuitaja mbele ya wenzako kanisani. Kabla hujamlaumu, mwambie akuonyeshe anachokifanya. Kisha piga magoti umwombee.