Sura Ndogo ya Pembe

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na mtoto hulijua hilo kabla hajajua njia ya shule. Hata hivyo nilifika Bukavu mara ya kwanza mwezi Juni 2019, nikiwa mtu mzima, tena kwa njia ya kuzunguka: basi kutoka Kigali, saa nyingi za kona ndani ya msitu wa Nyungwe, Kamembe, halafu daraja la Mto Ruzizi kwa miguu.

Mji umekaa juu ya rasi tano zilizoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville, na majengo yao bado yamejipanga kando ya Barabara ya Patrice Lumumba, kona zake zimeviringwa, rangi imebanduka. Niliyapenda. Lakini sikuwa nimefuata majengo. Nilikuwa nimefuata vinyago vya Walega, watu wa mashariki ya Kongo.

Viko mtaa wa Muhumba, kwenye Makumbusho ya Kivu ya mapadri Waksaveri. Mzee aliyenipokea alikuwa Mlega wa Mwenga, mpole, mwenye sauti ya chini. Mimi nimezoea mapiko ya Wamakonde, yale ya kuvaa kichwani mchezaji akaja mbio watoto wakatawanyika, kwa hiyo nilipoona kinyago kidogo kama kiganja, nikauliza mtu anakivaaje.

"Mama, hii haiko ya kuvaa ku sura," alisema. "Iko ya kushika ku mukono."

Akanieleza taratibu. Walega hawakuwa na mfalme. Walikuwa na bwami, chama ambacho mtu hupanda ngazi kwa ngazi, na vitu hivi ndivyo vilikuwa shule yake. Kinyago hushikwa, hufungwa mkononi, hutundikwa kwenye ua, pengine huburutwa chini kwa ndevu zake za ukili. Kila tendo lina methali yake. Asiyeijua methali anaona mti tu. Mwenye kitu akifa, kitu huwekwa kaburini kwake kwa muda, kisha hupewa mwingine aendelee nacho.

Halafu akanionyesha sura ya pembe ya ndovu. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Macho yake yalikuwa mipasuko miwili myembamba, pua ndefu, kinywa kama kinachotaka kufunguka. Paji la uso lilikuwa limeiva rangi ya asali na kung'aa kwa mafuta na viganja vya watu, nyufa nyembamba zikishuka mpaka kidevuni. Upande mmoja wa shavu ulikuwa umelika kuliko wa pili. Nikawaza kuna mtu, na baba yake, na babu yake, waliokuwa wakiishika hapo hapo kwa kidole gumba.

Pembe! Mtu wa Ujiji hawezi kulisikia neno hilo na kupita. Misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip ilivuka kwetu kwenda Manyema kutafuta pembe, ikarudi na pembe na watumwa walioibeba. Kiswahili kilifika upande ule kwa njia hiyo hiyo, na ndicho tulichokuwa tukizungumza mimi na mzee, chake na changu. Kwa wafanyabiashara wetu pembe ilihesabiwa kwa uzito. Kwa Walega ilikuwa mali ya kindi, waliofika ngazi ya juu kabisa ya bwami, na thamani yake ilikuwa maneno. Nilimwambia mzee hivyo, nikamwomba radhi kwa ajili ya wazee wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Wabelgiji nao walikuja baadaye, mwaka 1948 wakapiga bwami marufuku, na vitu vingi sasa viko Ulaya, kwenye makabati ya vioo. "Kule," alisema, "hakuna wa kuisemea."

Jioni alinisindikiza ziwani. Wavuvi walikuwa wakitoka, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwa tayari, wakipiga makasia kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakimwitikia. Kinamama walikuwa wakiuza sambaza, samaki wadogo, waliokaangwa. Nilipoonja tu nikamjua: huyu ni lumbu wetu wa Kigoma. Na kweli ndiye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa kutoka Tanganyika wakapandwa Kivu, wakazaana. Maji ya Ruzizi yanateremka kuja kwetu. Samaki wamepandishwa kwenda kwao, wakapewa jina jingine. Mzee alilifurahia sana jambo hilo. Alilirudia mara mbili kwa mama muuzaji, "Lumbu! Banaiitaka lumbu!", naye akaniongezea fungu bila kunitoza.

Tuliagana pale pale. Tukawa tunaandikiana siku za sikukuu.

Februari 2025, redio iliposema waasi wa M23 wameingia Bukavu, nilimpigia simu usiku kucha, haikupokelewa. Nilikaa siku tatu nikiikumbuka mikono yake kuliko uso wake. Siku ya nne ukaingia ujumbe:

"Tuko, mama. Na sambaza iko."