Breki Kabla ya Kengele

Mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni hapa Kariakoo ameazima baiskeli, ataka kupanda nayo kutoka Mombo hadi Lushoto. Nalimwuliza habari ya breki, akanionyesha kengele! Njia ile ni kilomita 33 hivi, yapita Soni penye maporomoko, na Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Kupanda si kitu: ukichoka shuka usukume, wala si aibu. Hatari ni kurudi. Breki hushika moto konani, na mbele yako waja watu na mizigo vichwani. Roho zao ni amana, na baiskeli nayo ni ya watu. Nimempeleka kwa fundi, Mtaa wa Msimbazi, abadilishe raba zote nne. Fedha ya taa imekwenda huko, amenuna.