Vidonge vya Kifafa Havifanani

Hapa Kikwe nilijulikana kama yule dada wa kuanguka. Nimeanguka kanisani, nimeanguka mferejini tukimwagilia mahindi, na watu walisimama mbali wakiamini povu linaambukiza. Haliambukizi. Leo namshukuru Mungu hadharani, na ushuhuda wangu ni wa dawa.

Kwa miaka mingi nilimeza kabamazepini bila kuruka dozi. Kuanguka hakukukoma, na asubuhi ndiyo zilikuwa mbaya: mkono unashtuka wenyewe, kikombe kinaruka hadi ukutani, chai yote chini. Nilikotibiwa hakuna aliyewahi kuniuliza habari za asubuhi.

Aliyeniuliza ni daktari wa mishipa ya fahamu, hospitali ya KCMC, Moshi. "Dada, ukiamka, vitu vinakudondoka?" Nilimtazama nikashindwa kujibu, nilidhani amesimuliwa. Kumbe kushtuka kule ni sehemu ya kifafa changu, kile kinachowaka pande zote mbili za ubongo kwa pamoja. Kabamazepini inafaa sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Kwa mtu kama mimi inaweza kuzidisha mishtuko. Fenobabitali, dawa ya tangu 1912 na ya bei nafuu, ingeweza kunisaidia, ila husinzisha. Yenye nguvu zaidi kwa aina yangu ni valproeti: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wenye wagonjwa 520, uliishindanisha na levetirasetamu, na valproeti ikaongoza.

Mbona basi asiniandikie hiyo? Akaniuliza kama nataka watoto. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Valproeti ikimezwa wakati wa ujauzito, karibu mtoto 1 katika kila 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 3 hadi 4 katika kila 10 huchelewa kukua kiakili. Nililia mbele yake. Dawa bora kwa ugonjwa wangu ndiyo iliyokuwa hatari kwa mtoto niliyemtamani, na hili kila msichana mwenye kifafa anapaswa kuambiwa kabla hajaanza kuimeza.

Lamotrijini ni salama zaidi kwa mimba, lakini dozi yake hupandishwa polepole kwa kuhofia vipele vikali, na kuna wanaoshtuka zaidi wakiitumia. Tukachagua levetirasetamu. Kabamazepini ilipunguzwa kidogo kidogo, kwa kuwa kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Wiki za mwanzo nilikuwa na hasira za karibu. Mume wangu alikuwa ameshaonywa, akanivumilia. Bei ya dawa hii bado inatuumiza. Lakini sasa napika kwenye mafiga bila mtu wa kunilinda, na mwanangu namfunga mgongoni twende sokoni Tengeru.

Juzi jirani yangu, naye ana kifafa, aliniomba jina la kidonge changu. Nilimwandikia kwanza ya kumweleza daktari: kinaanzaje, saa ngapi, mikono inafanya nini asubuhi, na kama anatarajia kushika mimba.