Karafuu za Mlimani

Mzee mmoja wa Pemba, aliyepata kuziona Maskati na Bombay, alipanda milima ya Uluguru hadi Kinole akitafuta ajabu. Akasimuliwa habari za Kingalu, mtawala wa kale mwenye kuombea mvua, ambaye jina lake halifi: hulirithi mpwa kutoka kwa mjomba, kwani Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Akasikiliza kwa adabu.

Kilichomsimamisha ni harufu. Mbele ya nyumba ya udongo, juu ya jamvi, zimeanikwa karafuu! Hakuna bahari wala jahazi. Ukungu tu na migomba. Kijana akazipima, akamwuzia mchuuzi aliyetoka mjini, akatia fedha mfukoni mchana kweupe.

Mzee akageuza uso. Kwao karafuu haiuzwi ila kwa shirika la Serikali, na nduguye alifungwa kwa gunia moja lililokuwa likivushwa usiku kwenda Mombasa. Nao mkarafuu, hata huko visiwani, ni mgeni wa karne ya 19, asili yake Maluku.

Akaokota chembe moja, akaitafuna.

“Mwanangu, mnapoanika hadharani hivi, mnamwogopa nani?”

“Mvua, babu.”