Kiti Kingali na Joto

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo kompyuta namba tatu imenivua nguo mchana kweupe. Bi mmoja wa hapa Majengo, mteja wangu tangu nilipofungua saiba hii, alikuja kuchapisha barua za wakili kuhusu mirathi ya marehemu mumewe. Akalipa, akaaga, akaenda zake. Kijana aliyefuata akaketi kiti kingali na joto, akafungua Gmail atazame majibu ya kazi, akakuta sanduku la yule bi liko wazi mbele yake: majina ya watoto, viwanja, ugomvi wote. Mungu amjalie, ni mwungwana. Aliinamia kaunta akaninong'oneza, "Kaka, hii si yangu."

Nimeshindwa kulala nikiwahesabu wale wasioinamia kaunta.

Jumanne, 4 Februari

Kijana wangu wa kuprinti ana dawa yake: "Tuwafungulie dirisha la siri, yaishe." Nimempa haki yake. Kwa shida yetu hasa, dirisha la siri latosha: likifungwa, mashine haibaki na kumbukumbu ya alikoingia mtu. Kazi iko kwenye hilo "likifungwa". Mteja wa saiba hafungi dirisha, huinuka tu. Tena jina lenyewe linapoteza watu. Kule Marekani Google ilishtakiwa mwaka 2020 na watumiaji waliodhani dirisha la siri la Chrome linawaficha hata na Google yenyewe, na mwaka jana ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Usiku nimepitia vivinjari vingine. Brave ni nyepesi na inazuia matangazo bila kuambiwa, lakini ukurasa wake wa mwanzo una picha za wadhamini, na ndani yake mna habari za sarafu yao ya kidijitali, BAT. Nawajua wateja wangu. Haipiti wiki nitaulizwa hizo pesa zinatolewaje kwa M-Pesa. Halafu kuna ile ya Juni 2020, walipokutwa wakichomeka msimbo wao wa kamisheni mtu anapoandika anwani ya Binance. Brendan Eich mwenyewe, yule aliyebuni JavaScript mwaka 1995, akaomba radhi. Radhi nimeipokea, sikuiweka kwenye mashine.

Tor nimekaa nayo saa nzima. Kila unachoomba kinapitishwa kwenye vituo vitatu kabla ya kufika kinakokwenda, na mwendo wake unakwambia hivyo. Tovuti ya benki yangu ikaniona natokea Ulaya, ikanidhania mwizi. Sina ubaya na Tor, ni kitu cha mtu anayewindwa. Mimi nauza fotokopi.

Alhamisi, 6 Februari

LibreWolf imekaa kwenye kompyuta zote tano. Ni Firefox iliyochambuliwa upya na watu wa kujitolea: haipeleki ripoti za matumizi kwa yeyote, haimbembelezi mtu ihifadhi paswadi yake, na imekuja na programu ya kuzuia matangazo, uBlock Origin, ndani, ile ile ambayo Chrome imeanza kuizima tangu mwaka jana. Na ukiifunga, inafuta vidakuzi. Hili la mwisho ndilo lililonileta.

Vidakuzi hivi alivibuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, ili tovuti iweze kumkumbuka mtu, kwa mfano duka lijue mteja ametia nini kikapuni. Bibi yangu akimwita mdakuzi mtu asiyeweza kukaa na siri ya mwenzake. Aliyelitafsiri neno hili nampa heko, kafika mbali kuliko Mzungu aliyeliita biskuti.

Wazee wa magazeti wamefurahi. Kurasa zinafunguka safi, hakuna video inayoruka usoni, na kihesabio cha uBlock kinapanda kwa kasi ile ile tokeni zangu za stima zinavyoshuka.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemponza mama wa watu. Alikuja juzi kuweka miadi, tovuti ikaonyesha 08:00, nikamwandikia kwenye karatasi: saa mbili asubuhi. Jana alifika saa mbili kamili, akaambiwa miadi yake ni saa tano. Amekaa kwenye benchi saa tatu nzima na mtoto mgongoni.

Kosa ni langu, sikusoma. LibreWolf inaficha saa ya mahali ulipo. Tovuti ikiuliza ni saa ngapi kwenu, inajibiwa kwa saa za UTC, kama vile dunia nzima iko zamu moja, kusudi mtu asijulikane yuko pande zipi. Sisi tuko saa tatu mbele. Waswahili tuna saa zetu, Mzungu ana zake, na sasa kivinjari kimetuletea za tatu. Nimemrudishia mama pesa yake na ya matatu juu, akazipokea bila kunitazama.

Jumatano, 12 Februari

Kijana anayetafuta kazi Qatar alikuwa akijaza fomu mtandaoni. Kapiga picha nzuri, shati jeupe, ukuta mweupe nyuma. Akaipandisha, akaikata ilingane na kisanduku, na kilichotokea ni mistari ya rangi kama leso iliyoharibikia kiwandani. Mara ya pili, mistari mingine. Akanitazama kama nimemroga.

Hii nimeichimba mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe kompyuta ina alama ya kidole. Tovuti huiagiza ichore kitu kisichoonekana na jicho, kisha hukisoma kilivyochorwa. Kwa kuwa kila mashine ina fonti zake, kadi yake ya picha na programu zake, mchoro hutoka na tofauti ndogo ndogo, na kwa tofauti hizo unatambulikana hata ukifuta vidakuzi vyote. Mwaka 2010 shirika la EFF la Marekani lilipima vivinjari karibu 470,000 vilivyoijia tovuti yake ya majaribio, likakuta zaidi ya asilimia 80 havina vya kufanana navyo. Basi LibreWolf hujibu maagizo hayo kwa rangi za ovyo, na ovyo hiyo ndiyo iliyomkalia kijana usoni, kwani kukata picha kwenye ukurasa hutumia njia ile ile. Kuna kialama kidogo kwenye upau wa anwani. Ukikibonya unairuhusu tovuti hiyo isome picha. Leo kijana amerudi, tumekibonya, ana uso wake.

Lakini nilipokuwa nikisoma nilicheka peke yangu. Kompyuta zangu zilitoka Uingereza zikiwa mtumba wa ofisi moja, mashine tano pacha. Namba tatu hukaliwa na watu si chini ya ishirini kwa siku. Aliye ng'ambo akijaribu kuijua namba tatu, atamjua nani? Atamwona mtu mmoja anayetafuta cheti cha mwenendo mwema, gauni la harusi, bei ya injini ya boti, dawa ya bawasiri na matokeo ya Arsenal. Huyo mtu hayuko. Kivinjari hiki kimetengenezwa kwa mtu aliyejifungia na laptopu yake, anaogopa jicho la mbali. Wateja wangu jicho lao liko kwenye foleni, limeshika namba ya kuingia.

Kwa hiyo kinga ya alama nimeizima. Saa imerudi kuwa saa, picha zimerudi kuwa picha. Kuna watakaoniona nimeitoa roho LibreWolf. Kufuta vidakuzi nimekuacha, ndiko ninakokutaka.

Jumatatu, 17 Februari

Kila asubuhi naskani upya WhatsApp ya kaunta, maana vidakuzi vimefutwa. LibreWolf haijisasishi yenyewe, lazima mtu akumbuke. Orodha ya Google ya tovuti za kitapeli nayo ilikuja imezimwa; nimeiwasha, maana hapa watu hubonya chochote kinachong'aa. Filamu za kulipia hazichezi. Hilo halinikeri, wanaojaza viti kwa filamu hawalipi.

Alhamisi, 20 Februari

Kijana wangu kaniita namba mbili. "Kaka, umewahi kufungua hapa?" Folda ya vipakuliwa. Vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, majibu ya hospitali ya watu ninaosalimiana nao msikitini. Mwaka mzima. LibreWolf hufuta orodha ya ulivyopakua, faili zenyewe haizigusi, na wala hakuna kivinjari nilichosikia kinafanya hivyo bila kuambiwa. Mimi nimetumia wiki mbili nikimficha mteja na Marekani, na talaka yake iko hapa, imeandikwa jina.

Nilianza kuangalia kimoja kimoja nijue cha kufuta, nikasimama. Nilikuwa nasoma. Nikachagua zote, nikafuta.

Kijana ameandika amri ya mistari minne: mteja akimaliza dakika zake, kivinjari kinajifunga na folda inamwagwa. Ameijaribu na kazi yake mwenyewe ikamwagika nayo.

Ijumaa, 28 Februari

Leo mwezi unatafutwa, wateja wachache. Nimesoma kelele za Firefox. Juzi Mozilla, wenye Firefox, wametoa masharti mapya ya matumizi, na ile ahadi yao ya kutouza data za watu ikaonekana imeondolewa. Wanasema ni mambo ya tafsiri za kisheria tu. LibreWolf inakata nguo yake kwenye kitambaa cha Firefox, na sehemu kubwa ya pesa za Mozilla hutoka Google, ili injini yao ya utafutaji iwe ya kwanza humo. Nimelitafakari hili mpaka chai ikapoa. Sina kitambaa kingine.

Jumanne, 4 Machi

Bi wa mirathi amerudi, amefunga saumu, sauti ndogo. Sikumwambia lililotokea mwezi uliopita, na sijui kama nitamwambia. Namba tatu ilikuwa safi: hakuna jina la mtu, hakuna sanduku la mtu. Nikamwelekeza kiti kwa fahari. Akaketi, akaitazama ile mashine safi, akanigeukia.

"Mwanangu, niangalizie ile paswadi yangu."

Nikavuta daftari chini ya kaunta. Lina jalada la buluu, kurasa 96. Jina, namba ya kitambulisho, ya eCitizen, ya KRA, barua pepe, paswadi. Kila saiba ninayoijua ina daftari kama hili, maana watu husahau na kurudi wakilia. Droo lilimokaa ina kufuli lisilo na ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, nimeiona, sikuwahi kuiweka pamoja na daftari kichwani mwangu.

Nikamwambia, "Mama, leo tuibadilishe, uchague mwenyewe, uiweke wewe."

"Nikiiweka mimi itapotea."

"Iandike basi."

Akacheka. Akaniamuru nigeuke, akaandika kwenye kipande cha risiti kwa mwandiko wa chuoni, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa yake ya matatu.

Alipotoka nikakata mstari wake kwa kalamu nyekundu. Kisha nikahesabu iliyobaki. Mia mbili na kumi na saba.