Kifungo cha Mdomo: Mfasiri Mbele ya Nahau za Nguo

Katika darasa moja la tafsiri, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipewa kifungu cha Kiingereza ambamo mzee mmoja anamwamuru kijana mropokaji: "Button your lip." Mwanafunzi huyo, ambaye mamake ni fundi cherehani na ambaye utoto wake ulipita akiokota vifungo chini ya meza ya kushonea, hakusita. Aliandika: "Utie mdomo wako kifungo." Wenzake waliangua kicheko. Mmoja wao aliuliza ni hakimu yupi aliyeuhukumu mdomo huo, na ni kifungo cha miaka mingapi. Mwanafunzi aliinamisha kichwa, akaikata sentensi yake kwa mistari miwili, akaandika: "Nyamaza." Jibu hilo la pili lilipewa alama zote. Hata hivyo, lile la kwanza ndilo linalostahili kutafakariwa, kwani liligusa jambo ambalo kamusi hulipita kwa haraka.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno "button" liliingia katika Kiingereza katika Enzi za Kati kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake inahusishwa na kitenzi chenye maana ya kusukuma. Kwa sababu hiyo Mfaransa hadi leo hutumia neno moja, "bouton", kwa kifungo cha shati, kwa tumba la ua na kwa kipele cha usoni. Vyote ni vitu vilivyojisukuma nje vikachomoza. Jina hilo basi limetokana na umbo. Kiswahili kilitazama kazi. Kifungo ni kinachofunga, na mzizi wake ndio uleule wa kufunga mlango, kufunga ndoa, kufunga Ramadhani na kufunga mtu gerezani. Mwingereza anayeambiwa autie mdomo wake kifungo huliona vazi tu, jioni atalivua. Mswahili husikia komeo. Wanafunzi waliocheka hawakucheka kwa kuwa tafsiri haikueleweka, bali kwa kuwa ilieleweka mno.

Nahau za Kiingereza zilizojengwa juu ya kifungo ni nyingi, na baadhi yake hazimpi mfasiri taabu. Mtoto mwerevu husemwa kwamba anang'aa kama kifungo. Kiswahili kitamwita mchangamfu, na hasara ni ndogo. Jambo lililosemwa au pigo lililotua "on the button" limetua barabara. Taabu huanza pale nahau inapobeba ndani yake desturi nzima ya mavazi. Kitenzi "buttonhole" ni mfano mzuri. Maana yake ni kumzuia mtu njiani na kumsemesha asipate upenyo wa kuondoka. Usemi wa awali ulikuwa kumshika mtu kwa kifungo cha koti lake, na katika karne ya 19 matamshi yaliteleza, kitendo cha kushika kikawa jina la tundu. Ili usemi huo uzaliwe, lazima pawe na koti, koti liwe na vifungo, na wanaume wawili wasimame karibu kiasi cha mmoja kuweza kuushika mwili wa mwenzake bila kuugusa.

Leso na kikoi havina vifungo. Huzungushwa, hupindwa na kufungwa, na mkono wa mvaaji hujua fundo kabla ya kujua kifungo. Si ajabu basi kwamba nahau za mavazi za Kiswahili zilichipuka penye fundo. Anayejitolea kwa kazi ngumu hujifunga kibwebwe. Mwenye kinyongo kisichosemwa ana fundo moyoni. Yule msemaji asiyemwachilia mwenzake njiani, Kiswahili hakimtafutii nguo hata kidogo; husema amemganda kama ruba. Mfasiri anayeandika hivyo amepata maana, lakini amepoteza adabu. Mshika kifungo wa Kiingereza ni kero ya kistaarabu, ilhali ruba hunyonya damu. Nahau mbili zinazotafsiriana katika kamusi huweza kutofautiana katika hukumu zinazompa mtu.

Tofauti hiyo ya hukumu hudhihirika zaidi katika usemi "push someone's buttons", yaani kumfanyia mtu yale ambayo bila shaka yatamkasirisha. Kifungo hiki si cha nguo tena. Ni kile cha mashine, ambacho Kiswahili kimekipa jina lake, kitufe. Kwa Kiingereza neno ni moja, na limerudi kwenye maana yake ya kale ya kusukuma. Usemi huu humfanya mwanadamu kuwa chombo: vitufe anavyo yeye, na aliyebonyeza amebonyeza tu. Katika Kiswahili, kitendo hichohicho ni kumtonesha mtu kidonda. Mwenye kidonda ana mwili, ana historia, na kuna aliyemjeruhi hapo awali. Anayetonesha hawezi kujitetea kwamba alikuwa akijaribu mitambo. Mfasiri anayeandika "alibonyeza vitufe vyake" hajakosea sarufi, amebadili mashtaka.

Mfano mzito kuliko yote uko katika tamthilia ya King Lear ya Shakespeare, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1608. Mara mbili mfalme huyo anahitaji kufunguliwa kifungo. Mara ya kwanza ni katika dhoruba, anapotaka kuyavua mavazi yake abaki kiumbe mtupu, naye anasema kwa ukali wa aliyezoea kutii-wa. Mara ya pili ni katika onyesho la mwisho, bintiye Cordelia akiwa maiti mbele yake. Safari hii mzee anaomba kwa upole kifungo kifunguliwe, na anamshukuru aliyemsaidia. Wahakiki wamebishana kama kifungo ni cha nguo yake mwenyewe au cha nguo ya marehemu. Katika Kiingereza hicho ni kifungo cha vazi na basi.

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na uamuzi. Akiandika "kishikizo", hadhira itaona nguo tu. Akiandika "kifungo", hadhira itakumbuka kwamba Cordelia amenyongwa akiwa gerezani, na kwamba muda mfupi kabla ya hapo babake alikuwa akimfariji kwa kuyapamba maisha yao katika kifungo hicho. Ombi la mzee litakuwa ombi la kufunguliwa kwa maana zote mbili, naye atakufa punde tu baada ya kulitoa. Je, huko ni kumwongezea Shakespeare asichokisema? Bila shaka. Lakini "kishikizo" nalo ni chaguo, na hupunguza. Busara hapa ni kuchagua "kifungo" kwa kukusudia, pasipo kudai kwamba lugha haikuwa na neno jingine.

Darasa lile lilipotulia, lingeweza kukumbushwa kwamba katika historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya kifungo cha mdomo si kichekesho. Mwaka wa 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka Kenya: Twendapi?, na kwa ajili yake akatumikia kifungo hadi mwaka wa 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka wa 1973, na diwani hiyo haikuitwa kimya. Iliitwa Sauti ya Dhiki. Kwa msomaji wa diwani hiyo, sentensi ya mtoto wa fundi cherehani haina kosa la msamiati. Kosa lake ni la mahali: ilimtia mzee anayekemea kijana nyumbani maneno yanayomfaa mwenye dola.

Alama zilizotolewa kwa "Nyamaza" zilikuwa za haki. Lakini sentensi iliyokatwa kwa mistari miwili ingestahili kuandikiwa pembeni kwamba ihifadhiwe, kwani siku moja atatokea mhusika ambaye itamfaa.